Maandishi, Tosha

Vijana wangu, nasikia santuri zimerudi. Binti wa jirani yangu hapa La Rochelle, Johannesburg, ana meza yake kwenye soko la Jumapili. Amezipanga kwenye makreti ya maziwa, na wenzake wanainama kuzichambua kama wanachagua nyanya. Siku moja alinijia na swali la kikazi. Amepata albamu nzuri, lakini jalada lina maandishi ya mwenyewe wa zamani, kwa kalamu ya wino. Je, afute?

Nilimjibu asifute. Akauliza kwa nini, nikaanza kumsimulia, nikafika katikati nikajifanya nimesahau yaliyofuata. Sikusahau. Hii ndiyo simulizi yote, pamoja na kipande nilichokuwa nakificha, na ninaiandika uso ukiniwaka.

Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika duka la santuri kuukuu kule Randburg. Mimi nilikuwa msafishaji. Watu walileta maboksi kutoka stoo na gereji, mengine yakiwa na mende, na sisi tuliyafanya yauzike. Ukitaka kujua siri za nyumba za watu wa Johannesburg, safisha santuri zao. Wahenga walisema siri ya maiti aijuaye mwosha. Nimekuta barua za mapenzi, nimekuta jino la dhahabu, na mara moja nimekuta chapati iliyokauka ndani ya jalada, nayo ilikuwa imelala vizuri kuliko santuri yenyewe.

Aliyenifundisha ni Papa Ngoy, mtu wa Lubumbashi, mkubwa wangu kwa miaka kama kumi hivi. Aliishi Bellevue. Alijua Kifaransa na Kiswahili cha kwao, Kiingereza alikuwa nacho kidogo mno, kwa hiyo bosi alipotaka kumwambia jambo aliniita mimi nitafsiri. Mimi nilimwita Papa, kwa heshima ya kwao, naye aliniita mudogo, yaani mdogo wake. Mkono wake wa kuandika ulikuwa mzuri sana. Kila boksi lililoingia lilikuwa na kadi, na kadi zote aliziandika yeye, herufi zimesimama sawasawa kama wanafunzi paredi. Kanisani kwao alikuwa ndiye karani. Aliringia mwandiko wake kidogo, na alikuwa na haki.

Wiki yangu ya kwanza alinipa albamu ya kujaribu. Ilikuwa ya kundi moja la roki ngumu la zamani, lile lililoundwa na wanamuziki wanne ambao kila mmoja alikwisha kuwa bosi katika bendi yake. Jina lao refu lilinishinda, nikawaita Mabosi Wanne, na duka zima likafuata. Sasa mimi nilitoka Tanga na masikio ya taarabu. Niliweka sindano, gitaa likaanza, nikasikia mkwaruzo wa ajabu. Nikadhani sindano imevunjika. Nikaibadilisha. Mkwaruzo uleule. Nikabadilisha ya pili, na ya tatu, jasho linanitoka, nawaza nimeharibu mashine ya watu. Papa Ngoy alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza kwamba gitaa lile ndivyo linavyolia, kwamba mpigaji amelikoroga kwa makusudi, na kwamba chini ya zile kelele kuna mtu anayepiga kwa upole. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa rumba. Lakini alisema gitaa ni gitaa, na mwenye vidole hajifichi.

Mabosi Wanne walitoa albamu nne tu, maana wapishi wanne katika sufuria moja hawachukui muda kugombana. Ya kwanza ina jalada jeusi, na unasikia kabisa wanaheshimiana, kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi. Ya pili ina jalada jeupe tupu, na ndiyo bora kuliko zote. Ya tatu waliirekodi wakiwa hawasemeshani. Upande mmoja ni wa mpiga gitaa, upande wa pili ni wa mwimbaji, na ngoma zimechoka. Ya nne ni ya jukwaani, santuri mbili, na watazamaji wanapiga kelele kuliko bendi. Wateja wa roki wakiingia dukani waliulizia ile nyeupe. Lakini jalada jeupe ni adui wa msafishaji. Linashika kila kidole, kila kikombe cha chai, na kila mwenye kalamu anaona ni daftari.

Niwape ufundi kidogo kabla sijaendelea. Usiitazame santuri usoni tu, tazama tundu la katikati. Pakiwa na vimistari vingi kuzunguka tundu, imepigwa sana, hata kama uso unang'aa. Ioshe kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo, ukifuata mzunguko wa mifereji, usipanguse kwa kuikatiza. Ishike ukingoni kama sinia la chai ya wakwe. Na usiiache juani. Mwaka wangu wa pili niliiacha albamu ya tatu ya Mabosi dirishani mwezi wa Julai, nikijiambia jua la baridi halina nguvu. Nyuma ya kioo lina nguvu. Ilijikunja kama pilipili iliyokauka. Bosi alipouliza nani kaiweka pale, Papa Ngoy akajibu kwa Kiingereza chake kidogo kwamba ni sisi. Hakuniangalia hata. Akarudi kazini.

Kazi yangu kubwa, na ndiyo niliyojivunia, ilikuwa kufuta majina. Mtu akiwa ameandika jina lake kwenye jalada, thamani yake inashuka, mnalijua hilo. Mimi nilikuwa na pamba, chupa ya dawa ya madoa iliyoandikwa Stain Remover, na subira. Nililainisha wino, nikaugusa, nikauinua kidogo kidogo bila kuchubua karatasi. Wateja walileta majalada kutoka mbali kwa ajili ya mkono wangu. Niliringa. Kama mtu angeniuliza wakati ule mimi ni nani, ningemwonyesha jalada safi.

Hapa lazima nieleze neno moja, maana ndilo lililoniponza. Kwetu sisi, kitu kikitosha, kimetosha, basi. Nilikuwa na mazoea ya kusema "tosha" nikimaliza kazi, maana yake usiguse tena, acha hivyo hivyo. Kwa watu wa Lubumbashi, kutosha ni kutoa, kuondoa. Papa akisema tosha viatu, anataka uvivue. Siku za mwanzo tulichekana sana kwa neno hilo. Niliwahi kumkaribisha chakula, nikamwambia ugali huu tosha, akainuka kuuondoa mezani. Tukazoea. Na kama watu wanaopendana wafanyavyo, kila mmoja akaanza kuuvaa ulimi wa mwenzake. Nikawa nasema mambo ya Kikongo bila kujua, naye ananisemea Kitanga.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa Randburg, mwalimu mstaafu. Aliwahi kufundisha Kifaransa, kwa hiyo alifurahi kumpata Papa Ngoy, wakazungumza muda mrefu, na mimi nyuma sikuelewa lolote. Alileta albamu zote nne za Mabosi Wanne. Zilikuwa za kaka yake. Kaka huyo alipokuwa jeshini, kila alipopewa likizo alirudi nyumbani, akapiga santuri zake, na kabla ya kuondoka akaandika mistari michache kwenye majalada. Ile nyeupe alikuwa ameijaza mbele na nyuma. Baada ya likizo ya mwisho hakurudi tena. Mama alitaka santuri zioshwe na majalada yapanguswe vumbi, basi. Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile nilipewa boksi na kadi, na Papa akaondoka mapema kwenda kumwona daktari wa miguu, akapumzishwa siku chache.

Kadi iliandikwa hivi. Santuri: kuosha. Jalada: vumbi. Maandishi: tosha.

Nilisoma nikasimama. Nakumbuka nilisimama. Katika miaka yote ile, jina likitakiwa kufutwa, Papa aliandika futa. Hii tosha ilikuwa nini? Nikajiambia huyu ni Mkongo, na kwa Mkongo tosha ni ondoa. Simu ilikuwa mezani, urefu wa mkono. Sikuipiga. Nilikwisha kuliona lile jalada jeupe lililojaa wino kila pembe, na mkono ulikuwa unaniwasha. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nilitaka Papa arudi akute ajabu.

Nilifanya kazi siku mbili. Sikusoma mstari hata mmoja, maana tulijifunza kutosoma, ukisoma mkono unasita. Nilipomaliza, ile nyeupe ilikuwa nyeupe kama imetoka kiwandani. Niliiweka juu ya boksi ili mwenyewe aione kwanza.

Mama alikuja kuchukua mzigo wake. Aliinua lile jalada, akaligeuza, akaligeuza tena. Hakulia. Aliuliza kwa Kiingereza, sauti ya chini, kama hii ndiyo ya kwake au tumembadilishia. Nilipomwambia ni yake, alikaa kwenye kiti cha wateja na jalada mapajani. Bosi alitoka ofisini akampa maji. Mama alisema alimweleza yule mzee vizuri kabisa, kwa Kifaransa, mara mbili. Kisha akaenda na boksi lake.

Papa aliporudi kesho yake nilimvuta stoo kabla bosi hajafika. Nilimwonyesha kadi. Alinitazama kama mtu asiyeamini ninachouliza. Akasema, "Nilikuandikiaka Kiswahili yako, mudogo. Tosha ya kwenu. Si ndjo unasemaka, tosha, acha vile?"

Alikuwa ameniandikia kwa ulimi wangu ili nisikosee, nami nikasoma kwa ulimi wake. Kosa hilo peke yake ningeweza kulibeba. Ni kosa la watu wawili waliokwenda kupokeana kila mmoja kwa njia yake wakapishana. Nikamwambia nitamweleza bosi hivyo hivyo. Nilimaanisha, wallahi.

Bosi alituita ofisini. Alikuwa na kadi mkononi. Hakujua Kiswahili hata cha salamu. Akaweka kidole juu ya neno la mwisho akaniuliza mimi, mtafsiri wake, hili lina maana gani.

Papa alikuwa amesimama kushoto kwangu. Niliona uso wa bosi, nikaona wazi kwamba mmoja wetu anatoka leo. Niliogopa. Sina neno lingine la kuliweka hapo, na miaka yote hii nimelitafuta.

Nikasema, "Remove."

Bosi akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ndiyo, kwa Kiswahili cha Kongo maana yake ni ondoa. Tazameni ujanja wa ulimi wangu, sikusema uongo hata herufi moja. Bosi akataka kujua mzee mwenyewe anasemaje. Nikamgeukia Papa, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba bosi anaulizia kadi. Papa akaeleza upya, taratibu, kama alivyonieleza stoo, na akaonyesha kwa kiganja, acha, usiguse. Nikamwambia bosi kwamba mzee anasema aliandika alivyozoea kwao.

Alifutwa kazi palepale. Bosi alisema mtu asiyeweza kuandika agizo hawezi kushika mali ya watu, akaniambia nimtafsirie na hilo, nikamtafsiria, sikupunguza neno. Papa alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye kiti. Alinipa mkono. Nilijifariji kwamba hakuelewa lile neno la Kiingereza. Juma lililofuata nilipewa kadi niziandike mimi.

Nilikaa kwenye kiti chake miaka minane. Watu waliniita fundi, nikaitika. Eid niliwapa majirani pilau, na Papa nilimpelekea salamu kupitia Wakongo wa sokoni, mwenyewe sikwenda. Mtu akinisifu mwandiko wa kadi nilibadilisha mazungumzo. Sikufuta tena maandishi ya mkono wa mtu tangu siku ile, nikisingizia macho, na hata hapo nilikuwa mwongo, maana macho yangu ni mazima.

Basi huyo binti wa jirani aliponiuliza afute au asifute, na nikamdanganya kwamba nimesahau, nilijiona nilivyo. Jumamosi ile nikaenda Bellevue.

Papa Ngoy anakaa kwenye chumba cha mbele cha nyumba moja kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba. Miguu imemvimba. Alinijua mara moja, akasema mudogo, umezeeka, akaniambia nisogeze kiti. Alikuwapo binti yake, Bea, mama mtu mzima sasa, amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alikuwa ameshika fomu ya kliniki ya baba yake. Papa aliponyoosha mkono achukue kalamu, Bea aliisogeza pembeni. Akaniambia, kwa upole tu, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo, kwamba baba hajui kuandika vizuri, huwa anachanganya maneno, aliwahi kupoteza kazi nzuri kwa sababu hiyo. Akaendelea kujaza.

Papa alirudisha mkono mapajani. Aliutazama mkono wa mwanawe unavyoandika. Nilimwuliza kama bado ni karani kanisani. Akasema aliacha zamani, watu walikuwa wanarudia kusoma kila alichoandika kuhakikisha.

Nikamwambia. Nilisema kwa Kiswahili, nikitazama sakafu, yote, kuanzia simu ambayo sikuipiga hadi kiganja chake nilichokigeuza maneno mengine. Nilimwomba msamaha. Nilisema nilidhani hakuelewa.

"Nilisikia," Papa akasema. "Kingereza yangu iko kidogo, lakini ile neno minajua. Iko ku chupa yako ya dawa. Kila siku ninaionaka."

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile. Akaonyesha kwa kidevu upande wa Bea, ambaye alikuwa ameacha kuandika.

"Ulisemaka kwa Kingereza," akasema. "Sema tena kwa Kingereza. Mwambie yeye."

Vijana, nimetafsiri maneno ya watu maisha yangu yote. Sentensi ile ilinishinda mara mbili kabla haijatoka. Nilimwambia Bea kwamba baba yake aliandika sawa. Kwamba aliandika acheni, na mimi nilijua kwamba ameandika acheni, na nikamwambia bosi kwamba ameandika ondoeni, kwa sababu niliogopa kufukuzwa mimi. Kwamba kosa la kufuta lilikuwa la mkono wangu, na uongo ulikuwa wa kinywa changu, na baba yake hakukosea herufi.

Bea akasema nirudie. Nikarudia.

Nilitegemea atanitukana, na ningeona nafuu. Hakunitazama kabisa. Alimgeukia baba yake, na hapo ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akisema Kiswahili, kigumu, cha mtu anayetafuta kila neno.

"Papa," akasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambiaka, mutoto yangu," Papa akasema.